Picha Kumi na Mbili za Wanu

Jumatano, 11 Juni 2025

Ulfat kaondoka Jumapili. Leo ndio nimefungua kompyuta. Siku tatu nilijifanya nina kazi nyengine: nikafagia studio, nikafua mapazia, nikafuta lenzi ambazo hazina vumbi.

Studio! Chumba kimoja Mkunazini, ghorofa ya pili, na jiko dogo nyuma. Mie nalala chumba cha pili. Basi, ndio milki yangu yote.

Miaka tisa tulikuwa hivi: mie napiga, yeye anaediti. Harusi za wanawake tu. Ndani ya ukumbi watu wako vichwa wazi, mabega wazi, hawamtaki mpigapicha mwanamme, kwa hivyo kazi hatukuikosa. Nikirudi nampa Ulfat kadi ya kamera. Baada ya siku kumi picha zinatoka zinang'aa. Sikuwahi kumuuliza anafanyaje. Nilikuwa kama mtu anayekuta chakula kishapakuliwa.

Sasa yuko Maskati na mume wake. Laptopu yake kaenda nayo, haki yake. Lightroom, programu tuliyokuwa tukiitumia, ilikuwa kwa jina lake na kadi yake ya benki. Kwenye kompyuta hii kuukuu kimebaki kialama chake tu. Nimekibonyeza. Kinataka barua pepe na nywila. Nikaandika yangu. Hainijui.

Jumamosi nina harusi.


Jumapili, 15 Juni

Miguu imevimba. Picha 1,312.

Harusi ya Mardhiya, mtoto mdogo wa Bi Mwatum wa Kikwajuni. Simu zote zilizuiwa mlangoni, zikatiwa ndani ya mfuko na mwanamke mmoja mkali kweli. Kamera ilikuwa yangu peke yangu. Nililiahidi hilo mbele ya watu, kama kawaida: picha hizi hazitoki nje ya mikono yangu.

Na kitu kimoja nilichokiona — niandike nisije nikakisahau.

Kwenye saa kumi na moja na nusu akaingia mwanamke peke yake. Baibui hakulivua. Kila mtu kavaa kijani na dhahabu, yeye mweusi mtupu, mkoba kaubana kwapani kama mtu aliyekuja benki. Muziki unaendelea, lakini vichwa viligeuka. Na bibi harusi akanyanyuka! Bibi harusi hanyanyuki. Anakaa, anatazama chini, anatunzwa. Mardhiya alishuka jukwaani na nguo yake yote ile, kidogo aanguke, akamkumbatia yule mwanamke shingoni. Baibui likateleza kichwani, nywele zikatoka. Wote wawili wanalia, wote wawili wanacheka.

"Nani yule?" nikamuuliza mama aliyekaa karibu na spika.

"Dada yake, Wanu. Yule aliyemkimbia mume." Akasogea sikioni. "Yuko Kendwa, hoteli, anapokea wageni. Miaka mitatu hajatia mguu kwao."

Bi Mwatum alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Alimuona. Akageukia sahani za biriani, akawa anazihesabu.

Wanu hakukaa hata robo saa. Mie kazi yangu ni kupiga, nikapiga. Picha kumi na mbili.

Zamani, nikirudi, kabla sijamaliza kuvua viatu mlangoni, Ulfat alikuwa akiniambia haya hadithia. Jana nilirudi, nikavua viatu, nikakaa.


Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda Darajani kwa Ridhwan, fundi wa kompyuta. Mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Nataka programu ya kuediti picha."

"Ipi?"

"Iliyo nzuri."

Akacheka, lakini si kwa kunidharau. "Da Rukaiya, iliyo nzuri kwa nani? Unapiga picha za aina gani? Ngapi kwa shughuli moja? Mwisho wake zinakwenda wapi, albamu au simu za watu? Mtandao wako ukoje pale kwako? Na hiyo kompyuta yako, wallahi, naijua, inapumua kwa shida."

Maswali haya sijawahi kujiuliza. Miaka tisa katika kazi!

"Kaandike shida zako," akasema. "Ziandike zote. Kisha uje. Watu wananunua programu kwa sababu fulani anayo, halafu wanatumia kitufe kimoja tu."

Nimenunua mkate wa boflo na nimerudi. Kuna Muitaliani mmoja kapotea uchochoroni hapa chini, kanisimamisha, tukazungumza njia ya Forodhani. Ndio mazungumzo yangu ya pili ya leo.


Jumanne, 17 Juni

Shida zangu.

Taa za ukumbi. Hiyo ndiyo ya kwanza. Siku hizi wanatia taa za zambarau na buluu, nyuso zinatoka kama za watu walioumwa. Nilijaribu ile programu ya kwenye simu. Ukigusa mara moja uso unakuwa safi, kweli, lakini Mardhiya akawa mweupe kama mkate! Hina yake ya mikononi, kazi ya siku mbili, imepotea. Nikamjaribu na Bi Mwatum, naye akawa mweupe, na makunyanzi yote hana. Alikuwa kama mtoto wake mwenyewe. Nikaifunga. Nataka programu itakayoondoa zambarau na iache rangi ya mtu.

Halafu wingi. Simu inataka picha moja moja. Kwa mwendo ule ningemaliza Ramadhani.

Nataka inayofungua mafaili ghafi ya kamera, maana humo ndimo mwangaza uliofichika unapopatikana. Nataka isiyonidai kila mwezi maisha yangu yote. Nataka inayokwenda hata mtandao ukiwa umekatika, na hapa kwangu unakatika kama mchezo.

Na nataka mtu wa kuniambia hii nzuri, ile mbaya.

Hii ya mwisho nimeikata. Siwezi kumpelekea Ridhwan karatasi yenye maneno haya.


Jumatano, 18 Juni

Kaja Bi Mwatum. Kapanda ngazi zote zile na goti lake bovu.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mbona umekonda?"

Nikamtengenezea chai, nikamkalisha mbele ya skrini, nikampitishia picha bado hazijaguswa. Alifurahi. Kila picha ana la kusema — huyu kaja na watoto saba, yule kitenge kile aliazima. Kisha zikafika zile kumi na mbili. Akawa anaizungusha bangili yake.

"Huyu mtoe."

"Nimtoe vipi, Bi?"

"Siku hizi kuna programu. Mke wa mwanangu kanionesha kwenye simu yake, unamgusa mtu kwa kidole, hayupo. Itafute hiyo."

"Ziko kumi na mbili."

"Basi kumi na mbili." Halafu, kama nimembishia, na mie sikumbishia: "Mtoto niliyemuoza mwenyewe, kwa mtu wa ukoo, akatoka usiku na begi! Hakuniambia hata neno. Mie nikabaki nakaa na mama mkwe wake nasutwa. Leo niiweke albamu sebuleni, kila mgeni akija anifunulie?"

Nikamuongezea chai. Mie ni nani wa kumjibu? Mie nilipoachwa, mama yangu alinipokea mlangoni na kuniambia kaoge. Si kila mtu ana bahati hiyo, na mama yangu mwenyewe hayupo tena.

Albamu anaitaka kabla ya tarehe tano Julai. Mardhiya anasafiri na mume wake, Mahfoudh, kwenda Doha.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Alikula siku ile?"

"Nani?"

"Aa, Rukaiya, nani!"

"Nadhani hakula, Bi."

Akasema, "Haya," akashuka, ngazi moja moja, mkono ukutani.


Alhamisi, 19 Juni

Nimeipata. Si programu hasa, ni tovuti. Ya akili mnemba. Huweki chochote kwenye kompyuta, unaipa picha tu, na majaribio ya mwanzo ni bure.

Nikaipa ile ya kukumbatiana. Nikamzungushia Wanu duara. Nikabonyeza.

Ilichukua muda wa kuvuta pumzi. Hayupo! Nyuma ya Mardhiya kumetokea pazia, na maua, na bega lake lililokuwa limefichwa limeumbwa jipya, na cheni juu yake. Bega ambalo mie sikulipiga. Nikaikuza picha kutafuta kosa. Likawepo moja: vidole vinne vya Wanu vimebaki kiunoni mwa mdogo wake, vinaning'inia tu havina mwenyewe. Nikavizungushia duara. Navyo vikaenda.

Nilicheka peke yangu kwa sauti. Nilisema, Ulfat, njoo uone! Nilisema kweli, mdomo wangu ulisema.

Na hapo hapo nikaona kuna mstari chini ya ukurasa, maandishi madogo. Nikaukuza. Kiingereza kingi, lakini nilichokielewa ni hiki: picha inakwenda kwenye mashine zao, inakaa huko, na wanaweza kuitumia kuifundisha programu yao.

Inakwenda kwenye mashine zao.

Mardhiya kichwa wazi. Wanu nywele nje. Nimezitoa mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nimekaa kitako kwenye kiti, asubuhi ya Mungu.


Ijumaa, 20 Juni

Nimewaandikia wale watu wa tovuti waifute. Jibu limekuja papo hapo, na linaonekana limeandikwa na mashine. Wanashukuru kwa kuwasiliana nao.

Nimempigia Ulfat baada ya sala. Kulikuwa na kelele, watoto wa mawifi zake, sufuria. Nikamwambia yote.

"Picha moja tu? Shoga, picha moja nani ataiona huko? Mamilioni yale!"

"Niliahidi, Ulfat."

"Na atakayewaambia nani? Usiseme, yatakwisha." Kisha mtu akamwita, akaitika naam, akaniambia atanipigia.

Saa mbili zimepita. Tatu. Nimepika wali wa watu wawili. Mkono umezoea kipimo cha wawili, cha mmoja bado.


Jumamosi, 21 Juni

Hakupiga.


Jumatatu, 23 Juni

Ridhwan kaja mwenyewe na flashi. Kaisoma karatasi yangu mpaka chini, na nadhani hata ile niliyoikata kaisoma, maana alitazama dirishani kidogo kabla ya kusema.

"Hujaandika shida yako kubwa," akasema.

"Ipi?"

"Amana. Wewe una picha za wake za watu. Ungeniandikia hilo juu kabisa, nisingehitaji kusoma yaliyobaki. Programu yako lazima ikae humu ndani ya kompyuta, isizungumze na mtu."

Nilitaka kumwambia habari ya ile tovuti. Nikainuka nikamtengenezea chai.

Kanitilia mbili, zote za bure. Moja inaitwa darktable, ya kurekebisha mwangaza na rangi. Inafungua mafaili ghafi, na ukishaitengeneza picha moja unanakili marekebisho yake kwa nyengine mia zilizopigwa chini ya taa ile ile. Ya pili GIMP, ya kufutia vitu vidogo, chunusi, waya uliopita nyuma. Zote mbili haziulizi mtandao. "Ila ngumu," akasema. "Vitufe vingi kama vya kuendeshea ndege. Vumilia wiki mbili, usiikimbie."

Kompyuta ilizimika mara mbili tulipokuwa tunajaribu. Akaitolea programu za zamani, akaifungua mgongo, akaipuliza. Chai alikunywa amesimama. Kaondoka kabla ya adhuhuri.


Jumanne, 24 Juni

Leo nimejifunzia kwenye mafaili ya zamani, nisije nikaharibu ya Mardhiya. Nimefungua harusi ya mwaka 2019, ghafi, kama zilivyotoka kwenye kamera.

Saluni. Bibi harusi anapakwa wanja. Nyuma yake kioo kikubwa, na ndani ya kioo nimo mie. Kamera usoni, kiwiko nje, ushungi umekaa upande.

Nikatafuta albamu ile ile iliyokwisha. Kioo kipo. Mie simo. Mahali pangu kuna ukuta.

Nikafungua nyengine. Mwaka 2021, mlango wa kabati unaong'aa: nimo. Kwenye albamu: simo. Nikaendelea mpaka alasiri. Vioo, madirisha, sinia moja la fedha, miwani ya bibi mmoja. Nimo katika harusi zote za mji huu na simo hata moja.

Nikampelekea Ulfat ujumbe wa sauti, huku nikicheka. Kajibu safari hii. "Si ndo kazi, shoga! Mpigapicha akionekana kwenye kioo, picha imeharibika. Nilikuwa nakufuta wewe kwanza, kabla ya chunusi."

Ana haki. Ni kweli, picha inaharibika.

Nimekaa muda mrefu na ile ya saluni. Nilikuwa kijana kidogo. Ushungi ule wa rangi ya samli niliupenda sana, sijui umekwenda wapi.


Jumatano, 25 Juni

Zambarau imetoka! Nimepata. Kuna mahali unaiambia kompyuta kitu hiki ni cheupe — nikaionesha kitambaa cha meza — nayo inageuza rangi zote zifuate. Mardhiya karudi kuwa Mardhiya, rangi yake ya kahawia, na hina imesimama wazi, mpaka viua vidogo vya kwenye kucha. Nikanakili kwa picha mia mbili. Kompyuta ikapiga kelele kama pangaboi, lakini ikafanya.

Kisha nikasema nimalize na lile agizo la Bi Mwatum. GIMP. Unachukua kipande cha pazia kutoka pembeni unakipaka juu ya mtu, kidogo kidogo, kama kupaka chokaa. Nikaanza na baibui. Lile jepesi, jeusi tu. Saa nzima. Nikafika begani. Nikafika shingoni. Ile tovuti haikunitaka nitazame chochote. Huku lazima uikuze picha mpaka uso wa mtu uwe mkubwa kama sahani, umtazame, ndipo umfute. Wanu ana kovu dogo chini ya kidevu. Kafumba macho. Kaikunja midomo ndani kama mtoto anayejizuia.

Nilipofika kwenye kope nikaiweka mausi ya kompyuta chini.

Sijahifadhi. Nimefunga, ikaniuliza, unahifadhi mabadiliko? Nikabonyeza hapana.


Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda Kikwajuni kwa Mardhiya. Mama yake alikuwa sokoni, nilijua. Nilimwambia habari ya tovuti. Sikuzunguka.

Kajifunga vizuri mtandio. Kisha: "Kichwa wazi?"

"Wazi."

"Da Rukaiya, mie nilikuamini weye." Hakupaza sauti. Akanyanyuka akaingia ndani, akaniacha barazani na mkoba wangu mapajani. Nikasema niondoke. Nikasema nisiondoke. Ndani nilisikia mfereji wa maji umefunguliwa.

Aliporudi uso ulikuwa umeoshwa. "Mahfoudh asijue. Nakuomba."

"Hatojua kwangu."

"Na ulikuwa unaitafutia nini hiyo tovuti? Picha gani?"

Hapo ndio nikagundua kuwa hajui. Mama yake hakumwambia. Nikamwambia na hilo, maana nilikuwa nshaanza kusema kweli na sikujua pa kusimamia.

Alicheka kidogo, vibaya. "Mama! Nikiwa na miaka saba alinikata nywele kwa siri, akaiambia nyumba nzima ati zimeanguka zenyewe." Kisha akatazama mikono yake, hina imeanza kufifia. "Mie sikuambii ufute wala usifute. Aliyekuagiza ni mama. Mie nakwenda zangu Doha, yeye ndiye atakayebaki na hiyo albamu. Ila ile tuliyokumbatiana nitilie kwenye flashi. Nzima."

"Nitakutilia."

"Na mpe Wanu aione. Nitampa namba yako."

Hakunisindikiza. Zamani watu walikuwa wakinisindikiza mpaka mwisho wa uchochoro.


Ijumaa, 27 Juni

Ujumbe kwenye simu, namba siijui: "Asalam alaykum. Mimi Wanu. Nimeambiwa una picha yangu. Nitashuka mjini Jumatatu nikipata ruhusa kazini."

Una picha yangu. Sio *zangu*. Hajui kuwa ziko kumi na mbili.

Nikamjibu karibu. Nikaongeza, chai ipo. Nikafuta hayo ya chai. Nikayarudisha.


Jumatatu, 30 Juni

Nimefagia. Nimenunua kaki na visheti vya kulia chai. Hakuja.

Picha 1,312 zimekwisha, mia tatu na arubaini nzuri za albamu. Nimezipitia zote peke yangu mara mbili, na nikafika pale ambapo Ulfat angesema hii hapana, mbona kafumba macho, nikaisema mwenyewe. Si mbaya. Hazing'ai kama zake. Watu wanafanana na watu.

Wanu nimemuacha kila mahali alipo. Bi Mwatum anakuja kesho baada ya alasiri kuzitazama. Nitamwambia usoni: Bi, siwezi, na tovuti ile nimeshaitumia na nimekosea, na ukitaka umpe kazi mtu mwengine haki yako. Nimeyasema haya mara nne mbele ya kioo cha bafuni.


Jumanne, 1 Julai

Nnaandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya ndoo ya mchele. Maji yako motoni.

Wanu kaja leo. Saa tisa, bila kupiga simu. "Jana walininyima ruhusa," akasema, na jasho lake, mkoba kaubana kwapani. Nilimwambia mama yake anakuja saa kumi, nisimfiche. Akatazama mlango. Akasema, "Basi nionyeshe haraka."

Nikamkalisha. Nikamfungulia ya kwanza. Alipoiona hakulia, alisema tu, "Kumbe nilikuwa nimenenepa." Nikamfungulia ya pili, na ya tatu. "Ziko ngapi?" "Kumi na mbili." Akaziba mdomo kwa mkono.

Haraka yetu ikaisha. Nilisahau saa, wallahi, au sikusahau. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega mbele ya skrini, nnamuonesha jinsi zambarau inavyotoka, anauliza na hii je, na hii je. Sijakaa hivyo na mtu tangu Ulfat aondoke.

Ndipo nikasikia mkono ukutani, ngazini. Ngazi moja, pumzi. Ngazi moja, pumzi.

"Hodi."

Wanu kasimama. Hapana pa kutokea, mlango wa kwenda nje ni mmoja. Bi Mwatum akatokea, ameshika goti, akamuona.

"Shikamoo, mama."

Midomo ya Bi Mwatum ilitikisika. Sauti sikuisikia. Labda alijibu, labda alikuwa anavuta pumzi tu, ngazi zile nyingi. Macho yakatoka kwa Wanu yakaenda kwenye skrini, na kwenye skrini alikuwepo Wanu yule yule, mkubwa, kafumba macho, Mardhiya shingoni mwake.

Mie nikasema: nnachemsha chai. Hayo tu. Yale maneno niliyoyasomea mbele ya kioo hakuna hata moja lililokuja. Nikapita kati yao nikaja huku.

Sasa ni kimya. Robo saa? Chini kuna skuta inakataa kuwaka.

Kiti kimeburutwa. Mtu kakaa. Sijui nani, kiti kipo kimoja na kigoda.

Nnasikia kitufe cha mshale. Kile cha kwenda picha ya mbele, kina mlio wake, kimelegea. Kimoja. Kimoja tena. Mtu anazipitia. Nnazihesabu: nne, tano. Sita.

Saba haikuja. Wamesimama kwenye ya sita. Ya sita ni ile baibui limeteleza.

Maji yanachemka na mie nimeyapunguzia moto nisikie.

Sasa hivi — Bi Mwatum. Sauti ya chini, kavu, kama ya mtu anayeuliza bei.

"Hii inakuzwa vipi?"

Na Wanu: "Sijui, mama. Ngoja nijaribu."

Kinabonyezwa hiki, kinabonyezwa kile. Sicho. Kile kimefungua kitu chengine, nimesikia mlio. "Umeifuta?" "Sijaifuta, ipo, ngoja." Ni kusogeza gurudumu la mausi tu. Ningeweza kuwaambia kutoka hapa hapa, sina haja hata ya kuingia.

Nawaacha watafute wenyewe. Nimetoa vikombe viwili. Nimekishika cha tatu, changu, mkononi, na chai inakuwa nyeusi.